Barua za kutisha na kimya cha hatari: historia ya tovuti zinazojisasisha zenyewe

MUSHAKI, Masisi – Kwa familia zilizohama Mushaki, Karuba, Matanda au Kilolirwe, habari za nyumbani hazimngojei tena mtu anayeshuka kwa mguu hadi Sake. Zinapita kwa redio, na redio ikinyamaza zinapita kwa simu: tangazo la barabara iliyofunguliwa, jina la shule iliyoanza tena masomo, bei ya maharagwe sokoni, majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao njiani. Nyuma ya mengi ya matangazo hayo kuna tovuti ndogo ya redio ya jamii au ya chama cha wanahabari, inayoendeshwa na watu wawili au watatu wasio na fundi wa kudumu.

Ndiyo sababu barua pepe moja ya Kiingereza inaweza kutikisa chumba kizima cha habari. Inaingia usiku, imeandikwa neno «haraka» kwa herufi kubwa, inasema kwamba tovuti huenda imeanguka kwa sababu sasisho limeshindwa. Katika hali kama hiyo, kuna anayetaka kufuta kila kitu na kuanza upya. Kuna anayetaka kubonyeza kila kiungo kilichomo. Na kuna anayeifunga barua na kuisahau.

Barua za namna hiyo zina historia yake, yenye makosa ya kweli, tarehe zinazojulikana na mafunzo yaliyolipiwa na wengine. Anayeisoma historia hiyo anaona jambo moja likirudi: barua inayotisha mara nyingi ni mlinzi anayefanya kazi yake. Hatari kubwa zaidi ni siku mlinzi anaponyamaza.

Miaka kumi ya kuziba nyufa kwa mkono

Zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani zinatumia programu moja inayoitwa WordPress. Ilianza tarehe 27 Mei 2003, kazi ya Mmarekani Matt Mullenweg na Mwingereza Mike Little. Ni ya bure, na mtu asiye fundi anaweza kuitumia. Kwa sababu hizo mbili ilienea haraka katika redio za jamii, parokia, shule na mashirika madogo, hata katika Kongo ya mashariki.

Lakini programu yoyote ina nyufa. Kila ufa ukigunduliwa, watengenezaji wanatoa toleo jipya la kuuziba. Kwa miaka kumi ya kwanza, ilikuwa ni kazi ya mwenye tovuti kusikia kwamba toleo limetoka, kuingia kwenye tovuti yake na kulisimika. Wenye mafundi walifanya hivyo siku ileile. Wasio na mafundi walikaa miezi, hata miaka, na nyufa zao wazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wengi walijenga ukuta: walifungua tovuti asubuhi moja wakakuta matangazo ya dawa bandia au picha za matusi mahali pa makala zao.

Jibu lilikuja tarehe 24 Oktoba 2013. Toleo namba 3.7 lilileta uwezo mpya: tovuti kujisasisha yenyewe, bila mtu kubonyeza kitu, kila linapotoka toleo dogo la usalama. Siku tano baadaye, toleo 3.7.1 likawa la kwanza kusambazwa kwa njia hiyo. Kwa chumba cha habari kisicho na fundi, hilo lilikuwa sawa na kupata mlinzi wa usiku asiyedai mshahara.

Mlinzi anafanya kazi namna gani

Mara mbili kwa siku tovuti inauliza kwenye seva kuu kama kuna toleo jipya. Likiwepo, inalipakua, inaweka faili dogo linaloitwa .maintenance kama kibao cha «tunatengeneza», inanakili mafaili mapya juu ya yale ya zamani, kisha inaondoa kibao. Kazi yote inaweza kuchukua chini ya dakika moja.

Kila hatua inaweza kukwama. Nafasi kwenye seva inaweza kuwa imejaa, hasa kwa tovuti zenye picha na sauti nyingi. Seva inaweza kuinyima programu ruhusa ya kuandika juu ya mafaili yake yenyewe. Muda uliowekwa na kampuni inayohifadhi tovuti unaweza kwisha kazi ikiwa nusu. Hapo kibao kinabaki kimetundikwa, na msomaji wa Minova au wa Bulengo anaona sentensi fupi ya Kiingereza inayosema tovuti haipatikani kwa muda, arudi baada ya dakika moja. Kwa kawaida programu inakidharau kibao hicho baada ya dakika kumi. Kikikawia zaidi, kinaondolewa kwa kufuta faili hilo moja tu kupitia ukurasa wa mafaili wa kampuni inayohifadhi tovuti.

Mlinzi huyo alipewa pia barua za aina mbalimbali. Ya kwanza inasema sasisho limefaulu. Ya pili inasema toleo jipya lipo lakini tovuti imeshindwa kulisimika yenyewe. Hapo tovuti inaendelea kufanya kazi na toleo la zamani, na mwenyewe anaombwa kulisimika kwa mkono. Ya tatu ndiyo ya neno «haraka»: sasisho limekatika katikati, na huenda mafaili mengine ni mapya na mengine ya zamani. Wengi wanazisoma ya pili na ya tatu kama kitu kimoja, na hapo ndipo hofu inapozaliwa bila sababu.

Hata katika barua ya tatu kuna jambo la kutuliza moyo. Makala, majina na tarehe haviko ndani ya mafaili ya programu. Viko katika hazina ya data iliyo pembeni, na picha ziko katika folda yake. Sasisho lililovunjika linafanana na mlango wa duka uliobomoka. Bidhaa bado ziko rafuni. Anayefuta kila kitu kwa hofu ndiye anayezitupa bidhaa nje.

Januari 2017: gharama ya kutosasisha

Mwishoni mwa Januari 2017 thamani ya mlinzi huyo ilionekana. Mtafiti wa kampuni ya usalama ya Sucuri aligundua ufa mkubwa katika matoleo 4.7 na 4.7.1: mtu wa mbali aliweza kubadilisha maneno ya makala yoyote bila neno la siri. Toleo 4.7.2 lilitoka tarehe 26 Januari, na watengenezaji wakanyamaza kimakusudi kuhusu ufa huo hadi tarehe 1 Februari, ili tovuti nyingi zijisasishe kwanza.

Siku chache baada ya habari kutangazwa, wahalifu walianza kuzunguka mtandao mzima wakitafuta waliobaki nyuma. Kurasa zaidi ya milioni moja zilichafuliwa. Tovuti zilizoacha mlinzi afanye kazi zilikuwa zimepona kabla ya kujua kwamba kulikuwa na hatari. Zilizoumia ni zile ambazo wenyewe walikuwa wamezima sasisho la kiotomatiki, au ambazo sasisho lao lilikuwa likishindwa bila mtu kujali.

Kwa tovuti ya habari za eneo la vita, maana ya ufa kama huo ni nzito kuliko picha ya matusi. Mtu anayeweza kubadilisha maneno ya makala anaweza kuandika kwamba barabara ya Sake iko salama wakati haiko salama.

Februari 2018: siku mlinzi aliponyamaza

Kosa kubwa zaidi katika historia hiyo halikuleta barua yoyote. Tarehe 5 Februari 2018 lilitoka toleo 4.9.3, la kurekebisha dosari ndogondogo 34. Tovuti nyingi zilijisasisha kama kawaida. Ndani yake mlikuwa na badiliko lililokusudiwa kupunguza idadi ya maswali ambayo kila tovuti inaituma kwenye seva kuu. Kwa kosa la kibinadamu, badiliko hilo liliivunja kazi yenyewe ya kutafuta masasisho.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Tovuti ilifunguka vizuri na makala ziliendelea kuingia. Lakini kila ilipofika saa ya kutafuta toleo jipya, kazi ilianguka kimyakimya. Mlinzi alikuwa amelala na hakuwa na njia ya kusema kwamba amelala.

Kosa liligunduliwa saa chache baadaye, na kesho yake, tarehe 6 Februari, toleo 4.9.4 likatolewa. Lakini dawa haikuweza kujifikisha kwa mgonjwa. Tovuti iliyokuwa kwenye 4.9.3 haikuweza kulipokea peke yake. Ilibidi mtu aingie na kubonyeza kwa mkono, au kampuni inayohifadhi tovuti imfanyie hivyo. Tovuti ambayo mwenyewe hakuwa na habari ingeweza kukaa hivyo mwaka mzima ikionekana nzima, huku kila ufa mpya ukibaki wazi.

Waswahili wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wakaaji wa Goma wanaujua mshindo huo kwa njia chungu kuliko ya tovuti. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kilipoteza msaada wake wa fedha mwaka 2020. Tangu Oktoba mwaka huo hadi Aprili 2021 wataalamu wake hawakuweza kufanya vipimo kamili, kwa sababu hawakuwa na intaneti ya kupokea taarifa kutoka vyombo vilivyowekwa mlimani. Vyombo vilikuwapo na wataalamu walikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kupitisha sauti. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikatema moto usiku bila onyo kutangazwa, na watu wasiopungua 30 wakafa.

Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 27 Mei, onyo lilikuja kwa sauti kubwa: mitaa 10 ya Goma iliamriwa kuhama mara moja. Mamia ya maelfu ya watu walitoka, wengi wao kwa njia ya Sake. Lava haikurudi mjini. Wako waliolalamika kwamba walitaabishwa bure. Lakini ukilinganisha usiku wa tarehe 22 na alfajiri ya tarehe 27, ni vigumu kusema kwamba onyo lisilotimia ndilo lililoumiza zaidi.

Barua mpya, na njia ya kurudi ndani

Watengenezaji wa programu nao walijifunza kutoka kwa kimya. Mei 2019 toleo 5.2 lilileta barua nyingine ambayo leo inatisha wengi: inasema tovuti ina tatizo la kiufundi. Inatumwa pale programu-jalizi moja au muundo wa kurasa unapoiangusha tovuti. Kabla ya hapo mwenye tovuti alikuta ukurasa mweupe tu, naye mwenyewe amefungiwa nje. Barua hiyo inataja mara nyingi kitu kilichovunjika kwa jina lake, na inabeba kiungo cha pekee cha kuingia ndani na kukizima.

Kiungo hicho kina kasoro moja kwa watu walio njiani: kinadumu siku moja tu. Aliyekuwa akitembea na watoto na magodoro kwa siku tatu atakikuta kimekufa. Hapaswi kukata tamaa. Tatizo likiwa bado lipo, barua nyingine yenye kiungo kipya itatumwa.

Agosti 2020 toleo 5.5 liliruhusu hata programu-jalizi zijisasishe zenyewe. Miezi miwili baadaye likatokea kosa la upande wa pili. Tarehe 30 Oktoba 2020 watengenezaji, wakijaribu kuzuia toleo 5.5.2 lililokuwa na dosari, walisababisha baadhi ya tovuti zipokee toleo la majaribio ambalo halikukusudiwa kutoka. Wenye tovuti walipata barua za kuwajulisha kwamba wamehamishiwa kwenye toleo la alfa, na wengi walidhani wamevamiwa. Toleo 5.5.3 lilitoka siku hiyohiyo na kuyanyosha mambo. Waliosubiri saa chache walikuta limekwisha. Tangu Julai 2024, katika toleo 6.6, programu-jalizi inayojisasisha na kuiangusha tovuti inarudishwa yenyewe kwenye toleo lake la awali.

Desemba 2023: barua ya uongo

Desemba 2023, vita viliporudi Mushaki baada ya vile vya Februari mwaka huohuo, familia zilishuka tena kuelekea Sake na Goma. Simu zao zilijaa ujumbe: fulani kijiji kimeanguka, fulani daraja limekatwa. Mwingine ulikuwa wa kweli, mwingine uvumi.

Mwezi huohuo, mbali na Masisi, wenye tovuti duniani walipata uvumi wao. Barua iliyojifanya imetoka kwa kikosi cha usalama cha WordPress ilidai kwamba tovuti yao ina ufa wa hatari, ikautajia hata namba ya usajili, na kuwaomba wapakue programu-jalizi ya kuuziba. Namba ilikuwa ya kubuni. Ukurasa wa kupakulia ulikuwa umeigizwa. Aliyeisimika programu hiyo alikuwa amemfungulia mwizi mlango wa nyuma, na mtumiaji wa siri mwenye mamlaka yote aliundwa ndani ya tovuti yake.

Tofauti kati ya barua hiyo na zile za kweli ni rahisi kuikumbuka. Barua ya kweli ya sasisho inatumwa na tovuti ya mwenyewe, si na kikosi fulani cha mbali, na haimwambii mtu apakue dawa kutoka ukurasa asioujua. Tena, barua ya kweli inaweza kuthibitishwa bila kubonyeza chochote ndani yake: mtu anaandika anwani ya tovuti yake mwenyewe kwa mkono, anaingia, anasoma namba ya toleo na orodha ya masasisho. Watu wa Masisi wanafanya vilevile na habari ya risasi. Kabla ya kufunga mizigo wanampigia mtu aliye kijijini kwenyewe.

Saa inayoamshwa na wageni

Kuna jambo la mwisho ambalo wengi hawalijui. Saa ya ndani ya WordPress haitembei yenyewe. Inaamshwa na wageni: kila mtu anapofungua ukurasa, tovuti inatazama kama kuna kazi iliyofikia wakati wake. Tovuti isiyofunguliwa na mtu inaweza kukaa bila kutafuta masasisho, mpaka mgeni apite.

Tovuti nyingi za Kongo ziko kwenye seva za Ulaya au Amerika. Umeme ukikatika Goma, au intaneti ikizimwa nchi nzima kama ilivyozimwa kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, kwa karibu siku 20, seva inaendelea kuwaka huko ilipo. Sasisho linaweza kufaulu au kushindwa bila mwenye tovuti kujua. Barua inafika, lakini hakuna wa kuifungua.

Januari 2025, Sake na kisha Goma zilipoingia mikononi mwa AFC/M23, ukimya ulikuja kwa milango mingi kwa pamoja. Redio kadhaa za jamii ziliacha kurusha matangazo. Wanahabari walihama. Benki za Goma zilifungwa, na kulipa kampuni inayohifadhi tovuti kukawa kazi ya ndugu aliye nje. Katika hali kama hiyo tovuti inaweza kufa kwa sababu ndogo sana: barua zake zote zinakwenda kwenye anwani ya mtu mmoja, na mtu huyo amepoteza simu yake njiani.

Historia hiyo yote inaacha mpangilio wa kazi ulio wazi. Barua ya kutisha ikija, kwanza tovuti inafunguliwa kwa simu nyingine ili kuona kama imeanguka kweli. Kisha barua inasomwa mpaka mwisho, kwa msaada wa anayejua Kiingereza, ili kujua ni ya aina gani. Ikiwa ni ya toleo lililoshindwa kusimikwa, nakala ya akiba inachukuliwa kwanza, nafasi ya seva inaangaliwa, ndipo sasisho linabonyezwa kwa mkono. Ikiwa tovuti imeanguka, kiungo cha kuingia kinatumika na programu-jalizi iliyotajwa inazimwa, au kampuni inayohifadhi tovuti inaombwa kurudisha nakala ya jana. Hakuna kinachofutwa siku ya kwanza.

Na barua zisipokuja kabisa, mara moja kwa mwezi mtu anaingia na kulinganisha namba ya toleo la tovuti yake na ile iliyotangazwa. Anatazama pia sanduku la barua taka, kwa kuwa barua za tovuti ndogo zinaangukia humo mara nyingi.

Anwani inayopokea maonyo inafaa kushikwa na watu wawili wasiolala mji mmoja: mmoja Goma, mwingine Bukavu, Kampala au Nairobi. Nakala ya akiba nayo haifai kukaa kwenye seva ileile, wala kwenye kompyuta inayobaki ofisini siku ya kukimbia. Kifaa kidogo cha kumbukumbu kinaingia mfukoni, na ndani yake kunaweza kukaa miaka yote ya majina, picha na matangazo ya watu wa Mushaki.